Kwenda hifadhini kwa basi ukitokea Arusha au Moshi: mwongozo kamili

Basi linakupunguzia gharama ya lami tu. Halikuingizi porini. Anayepanga safari ya namna hii hujisumbua na nauli ya kutoka stendi, kumbe safari nzima inaamuliwa na kilomita chache za mwisho, kuanzia pale konda anapogonga bodi ushuke hadi mahali unapoanza kuona wanyama. Kuna hifadhi ambako kilomita hizo unazitembea kwa miguu, na kuna ambako bila gari huvuki geti hata ukifika alfajiri. Ndiyo maana mwongozo huu umepangwa kwa kuangalia unachofanya baada ya kushuka, siyo ukubwa wa jina la hifadhi.

Kwa kifupi: Hifadhi ya Taifa Arusha na Kilimanjaro (upande wa Marangu) zinamfaa anayetaka kutembea. Ziwa Manyara na Tarangire zinawezekana kwa basi, lakini lazima ukodi gari la siku karibu na geti. Serengeti ni ya kuiona dirishani ukiwa njiani kwenda Musoma au Mwanza, na hilo lina msimu wake.

Chagua mwezi kwanza

Masika, Machi hadi Mei, ndiyo miezi migumu. Lami haina shida, ila njia za vumbi ndani ya hifadhi hugeuka utelezi, baadhi hufungwa, na bodaboda wa kukupandisha getini atakutajia bei nyingine kabisa. Vuli ya Novemba na Desemba ni nyepesi zaidi: mvua hupiga, jua likatoka, njia zikakauka.

Juni hadi Oktoba ni kiangazi, na wengi husafiri wakati huo. Angalizo moja: Juni, Julai na Agosti ni miezi ya baridi na mawingu mazito Arusha na Moshi. Unaweza kukaa siku nzima chini ya Mlima Meru usiuone. Kwa anayetaka milima, Januari na Februari ni bora, kuna joto na asubuhi nyingi anga huwa wazi. Kwa anayetaka tembo wa Tarangire, subiri kiangazi kikolee. Mito midogo na madimbwi ya mbali yakikauka, wanyama hurudi kwenye Mto Tarangire wenye maji mwaka mzima. Mvua ikirudi hutawanyika hadi nje ya mipaka ya hifadhi, na utazunguka ukiangalia mibuyu.

Kisha kuna msimu usiohusiana na mvua. Kuanzia kama tarehe 20 Desemba hadi wiki ya kwanza ya Januari, Wachaga, wenyeji wa Kilimanjaro, wanarudi nyumbani kwa sikukuu, wenyewe wanasema "kuhesabiwa". Magari ya Moshi kwenda Himo, Marangu, Machame na Rombo hujaa kuanzia alfajiri, na mizigo ya sikukuu hupanda kabla ya abiria. Kama safari yako ni ya Marangu, iweke kabla ya wiki hizo au baada yake. Ukilazimika kwenda, fika stendi saa 11 alfajiri, ukae kwenye gari linalojaza, usidanganywe na lile tupu ambalo mpigadebe anaapa kwamba linaondoka sasa hivi.

Kabla hujafika stendi

Mageti ya TANAPA, Shirika la Hifadhi za Taifa, hayapokei fedha taslimu. Unalipa kwa kadi ya benki, au kwa simu baada ya kupewa namba ya malipo. Weka salio la kutosha kwenye simu jana yake, kwa kuwa hapa ndipo watu hukwama: wana noti mfukoni, simu haina kitu, na wakala wa karibu yuko kilomita 5 chini ya mlima. Mtandao nao hukatika mvua ikinyesha, kwa hiyo pesa zote zisikae kwenye laini moja.

Beba kitambulisho cha taifa. Raia wa Afrika Mashariki hulipa kwa shilingi, kiwango kilicho chini sana ya kile cha mgeni anayelipa kwa dola, lakini kiwango hicho kinatolewa kwa anayethibitisha uraia wake. Mtoto wa chini ya miaka 5 haingii kwenye hesabu. Kiingilio ni cha saa 24 na cha kuingia mara moja. Ukitoka nje ya geti kwenda kula ukarudi, unaanza upya.

Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku nchini tangu Juni 2019, na mlimani Kilimanjaro hata chupa za maji za kutumia mara moja hazitakiwi. Chukua chupa ngumu ya kujazwa, lita 2 kwa mtu kwa siku ya kutembea. Chakula kiwe kisichovuja: chapati, mayai ya kuchemsha, ndizi, karanga. Chipsi zilizofungwa kwenye karatasi zitakuwa uji kabla ya Tengeru, nje kidogo tu ya Arusha.

Hifadhi ya Taifa Arusha: basi linalopita katikati ya hifadhi

Hii ndiyo hifadhi ya basi hasa, na inashangaza ni wakazi wangapi wa Arusha hawajawahi kuingia. Ilianzishwa mwaka 1960 kwa jina la Ngurdoto, na 1967 ikapewa jina la sasa. Ndani yake kuna Mlima Meru wenye mita 4,566, kasoko (shimo la volkano) ya Ngurdoto, maziwa ya Momella, na msitu wenye mbega weusi kwa weupe. Nyati na twiga ni wengi. Barabara ya wananchi inaingia kwa geti la Ngongongare, inavuka hifadhi, inapita Momella na kutokea kijiji cha Ngarenanyuki upande wa pili. Mabasi ya Ngarenanyuki hutumia njia hiyo hiyo.

Tatizo ni saa. Mabasi hayo yamepangwa kwa ajili ya wanakijiji, siyo watalii. Asubuhi, kati ya saa 1 na saa 2, yanatoka Ngarenanyuki kuleta watu na mazao mjini. Mchana, kuanzia kama saa 7 na nusu hadi saa 10, yanatoka Arusha kuwarudisha. Ukipanda la mchana ukashuka Ngongongare, umebakiwa na saa mbili au tatu kabla hifadhi haijafunga saa 12 jioni, na hakuna basi la kukurudisha. Njia zinazofanya kazi ni mbili.

Njia ya kwanza ni ya siku moja, kupitia Usa River:

1. Saa 12 asubuhi panda haisi ya Usa River. Ukitokea Moshi, kosta yoyote ya Arusha inapita hapo. Mwambie konda "njia panda ya Momella", maana Usa River ina vituo kadhaa.
2. Hapo njia panda, jikusanyeni. Watu wanne hadi sita wanatosha kukodi Noah au gari dogo lililoinuka kwa siku. Kutoka lami hadi Ngongongare ni takriban kilomita 10, na kutoka hapo hadi geti la Momella ni kama 14 nyingine.
3. Kabla hujaingia garini, malizeni mambo manne kwa mdomo: mafuta ni ya nani, kiingilio cha gari ni cha nani (gari nalo linalipiwa, kwa uzito wake), kiingilio cha dereva ni cha nani, na dereva atawasubiri hadi saa ngapi. Ugomvi mwingi wa jioni unatokana na jambo la pili.
4. Lipieni kila kitu Ngongongare. Kama mnataka kutembea kwa miguu, semeni hapo hapo, kwa kuwa matembezi yana malipo yake na askari wa kuwasindikiza anapangwa.
5. Asubuhi nendeni kutembea, mchana mzunguke kwa gari. Mkigeuza mpango, mtatembea juani na nyati watakuwa wamelala kivulini msiwaone.

Kuchukua bodaboda hadi Ngongongare ni rahisi na kunajaribu, lakini fikiria kitakachofuata. Pikipiki siyo chombo cha kutalii hifadhini, na kutoka Ngongongare huruhusiwi kutembea peke yako kwenda popote. Utakuwa umesimama getini na risiti mkononi, ukisubiri gari la mtu mwenye nafasi.

Njia ya pili ni ya kulala, na kwa mtu mwenye siku tatu ndiyo tamu zaidi. Siku ya kwanza panda basi la mchana la Ngarenanyuki. Kaa upande wa kulia: muda mfupi baada ya Ngongongare unafunguka uwanda wanaouita Serengeti Ndogo, na mara nyingi pundamilia, nyati na ngiri huwa karibu na barabara. Upande wa kushoto ni wa Meru, kama mawingu yataruhusu. Getini eleza kwamba unapita na basi na utatembea kesho, ili usikatiwe risiti ya saa utakazokuwa umelala. Lala Ngarenanyuki au kwenye nyumba za wageni zilizo nje ya geti la Momella. Asubuhi ya pili uwe Momella mapema kwa matembezi. Siku ya tatu rudi na basi la asubuhi. Usijaribu kubana iwe siku mbili: matembezi yanaisha karibu saa sita, na basi la kwenda mjini liliondoka zamani.

Matembezi yenyewe huchukua saa mbili hadi nne. Njia inayopendwa inaanzia Momella, inakatiza uwanda wa nyati na kupanda hadi maporomoko ya Tululusia. Askari mwenye bunduki anatangulia, na unakaa nyuma yake, siyo pembeni. Nyati dume mzee aliyetengwa na kundi ni hatari kuliko kundi zima, kwa kuwa hakimbii. Husimama, akaangalia, akaja. Askari akinyoosha mkono, simama na unyamaze. Usivae nguo nyekundu au nyeupe inayong'aa, wala usipulize manukato. Viatu viwe vya kufunga, maana kando ya vijito ni tope hata Septemba.

Mkiwa na gari mchana, anzeni na maziwa ya Momella. Maji yake ni ya magadi, na kila ziwa lina chumvi na mwani wa kiasi chake, ndiyo sababu ndege na rangi hubadilika ukihama ziwa moja kwenda jingine. Heroe huja na kuondoka kufuatana na chakula, kwa hiyo dereva akikuahidi heroe elfu kwa tarehe fulani, anauza safari. Malizieni na ukingo wa Ngurdoto. Kasoko ina upana wa kama kilomita 3 na hakuna anayeruhusiwa kushuka ndani, kwa hiyo darubini ndogo inasaidia kuliko kamera ya simu.

Marangu: siku moja Kilimanjaro bila kupanda kilele

Huhitaji siku sita wala hema kuingia Hifadhi ya Taifa Kilimanjaro. Kutoka geti la Marangu, lililo juu kidogo ya mita 1,800, njia ya msituni inapanda kama kilomita 8 hadi vibanda vya Mandara, mita 2,700. Kupanda huchukua saa tatu hadi nne, kushuka mbili. Dakika 15 hadi 20 kutoka Mandara kuna kasoko ya Maundi, na hewa ikiwa safi unaona Kibo na Mawenzi, vilele vya Kilimanjaro. Wengi huishia kwenye vibanda, wakala, wakashuka. Ni kosa, ukiangalia jasho walilokwisha kutoa.

Hesabu ya saa inatoka nyuma kwenda mbele. Uwe umetoka geti saa 11 jioni. Basi uanze kushuka saa 9 kasorobo au kabla. Ili ule na kwenda Maundi, ufike Mandara saa 7. Maana yake uanze kutembea saa 3 na nusu, na uwe getini saa 2 na nusu kwa malipo na usajili. Kutoka stendi ya Moshi, basi, uondoke saa 12 asubuhi.

Panda gari lililoandikwa Marangu Mtoni. Hata likiwa limeandikwa hivyo, mengine hukatisha Himo na kukuhamishia gari jingine. Muulize konda kabla ya kulipa, na nauli ya jumla mkubaliane naye huyo wa kwanza. Kutoka Marangu Mtoni hadi geti ni kama kilomita 5 za mlima mtupu. Panda bodaboda au teksi ya kuchangia. Ukizitembea unapoteza saa nzima na magoti ambayo utayahitaji wakati wa kushuka.

Mwongoza watalii mwenye kibali ni lazima hata kwa siku moja. Mtafute siku mbili kabla, mkubaliane malipo yake na mkutane getini. Wanaojitokeza pale Mtoni na kudai kwamba watakuingiza kwa njia ya shambani wanakuingiza kwenye kesi.

Mteremko huu wa kusini ndio unaopokea mvua nyingi zaidi ya mlima, na msituni hunyesha hata miezi ambayo Moshi kuna vumbi. Asubuhi huwa wazi, wingu hupanda mchana. Beba koti la mvua la kweli, maana mwavuli unanasa kwenye matawi. Ongeza sweta: kila ukipanda mita 1,000 joto hushuka kwa nyuzi kama 6, kwa hiyo ukiwa umeacha nyuzi 26 mjini, Mandara utakuta kama 15, na ukiwa umelowa utatetemeka. Panda polepole kiasi cha kuweza kuongea. Kichwa kikianza kugonga, kunywa maji na upumzike, kisipotulia, teremka.

Manyara na Tarangire, kwa ufupi

Kwa Ziwa Manyara, panda basi au Noah ya Karatu kutoka Arusha, ushuke Mto wa Mbu, kilomita kama 126. Geti liko mwisho wa mji upande wa magharibi, chini ya ukuta wa Bonde la Ufa. Kulifikia ni rahisi kuliko mageti yote, kuingia ndiko kugumu: bila gari hupiti. Kodi gari la nusu siku hapo hapo Mto wa Mbu, na masharti manne ya Usa River yanahusika. Kuna daraja la juu ya miti lenye urefu wa mita 370. Waulize getini malipo yake, kwa kuwa ni nje ya kiingilio. Maji ya ziwa yakipanda, njia za chini hufungwa na mzunguko unakuwa mfupi, hivyo uliza hali kabla ya kulipia gari. Kurudi Arusha, uwe barabarani saa 10. Magari ya Karatu yanayopita jioni huwa yameshajaa huko huko.

Tarangire: basi la Babati, shuka Kwa Kuchinja. Geti ni kilomita 7 kutoka lami na hakuna daladala ya kuingia huko. Piga simu ya gari kabla hujatoka Arusha, usitegemee kulikuta. Kuna mbung'o, na wanapenda rangi ya bluu na nyeusi. Vaa kahawia au kijani iliyopauka.

Serengeti kutoka dirishani

Mabasi ya Arusha kwenda Musoma na Mwanza yanayopita ndani huondoka alfajiri, yanapanda Karatu, yanapita ukingo wa kasoko ya Ngorongoro, yanashuka hadi Naabi, geti la Serengeti, na kuvuka Seronera, katikati ya hifadhi. Kata tiketi siku moja kabla na uombe siti ya kulia, upande wa dereva. Kasoko inakuwa upande huo. Asiye raia wa Afrika Mashariki aulize kwanza gharama yake: atalipia Ngorongoro na Serengeti zote mbili hata kama hashuki, na jumla yake inazidi nauli mara nyingi.

Msimu wake ni Januari hadi Machi. Wakati huo nyumbu wako nyanda za kusini, huzaa zaidi Februari, na barabara ya basi inapita katikati ya nyanda hizo. Kuanzia Juni wanaelekea magharibi na kaskazini, mbali na njia yako. Basi halisimami kwa ajili ya simba, na dereva ana muda wa kufika, kwa hiyo usimlalamikie. Funga kitambaa puani na uweke simu ndani ya mfuko wenye zipu: vumbi la Naabi huingia hata dirisha likiwa limefungwa. Choo ni pale basi linaposimama getini kukaguliwa. Nenda hata kama hujabanwa, maana kituo kinachofuata kiko saa nyingi mbele, na kuchimba dawa kando ya barabara ndani ya hifadhi hairuhusiwi.